Plastiki za ndani ya Peugeot 504 zinapasuka: kabla hujauliza gundi

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Makorora hapa Tanga. Marehemu baba aliniachia Peugeot 504 ya 1979, injini iko vizuri na bodi sio mbaya ila ndani plastiki zinanitoa jasho. Kava la chini ya usukani limepasuka pale zinapoingia skrubu, mlango wa kidroo cha dashibodi umekatika sikio la bawaba, vibao viwili vya tundu la hewa vimekatika, na juu ya dashibodi kuna nyufa tatu ndefu. Nimepaka supa gluu kila mahali, inashika wiki moja afu inaachia. Nitumie gundi gani? Au nitafute vipya?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa mzee, amekuachia gari la maana.

Ntaanza na supa gluu maana ndo imekuchosha. Supa gluu sio mbovu, ubovu uko mahali unapoipeleka. Ikishakauka inakuwa ngumu kavu, haina mnyumbuko, na joto likikaribia nyuzi 80 inaanza kulegea. Sasa gari limefungwa vioo limeachwa juani saa saba mchana mwezi wa pili, tena Tanga, juu ya dashibodi pale panafika huko huko. Kwahiyo inalegea mchana, inakaza usiku, na kesho ukipita kwenye makorongo mtikisiko unamalizia kazi. Alafu kuna plastiki zingine supa gluu haizishiki kabisa, inakaa juu juu tu, ukiikwangua na ukucha inatoka nzima nzima na uso wa plastiki chini yake unang'aa vile vile.

Kwahiyo swali la gundi gani mi nalisogeza mwisho. Yanatangulia mawili: kilichoivunja ni nini, na hii plastiki ni ya aina gani. Ukishayajibu hayo gundi inajichagua yenyewe, na kwenye vitu vingine utakuta hata gundi huihitaji.

Tuanze na kilichoivunja. Fungua hilo kava la usukani uliangalie kwa ndani. Betri ya gari uwe umeshachomoa waya wa hasi, maana pale chini kuna waya za swichi na za taa na umri wake unaujua. Na kabla hujafungua liache gari juani kama nusu saa, plastiki kuukuu ikiwa na joto inakubali kupinda kidogo, ikiwa baridi inakatika mkononi. Ukilitoa utaona vile vibomba vya plastiki vinavyopokea skrubu, nakuhakikishia kuna kimoja au viwili vimepasuka kwa urefu, juu hadi chini. Itoe skrubu yake uiangalie, imejaa kutu ya rangi ya chungwa kwenye meno yote. Hapa kwetu hewa ina chumvi, skrubu ya chuma inakula kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, inakitanua kibomba kutokea ndani pole pole miaka na miaka mpaka kinaachia. Alafu anakuja mtu anaona kava linacheza, anashika bisibisi anakaza zaidi. Hapo ndo limeisha. Sasa we ukipaka gundi ukairudisha skrubu ile ile yenye kutu, umefanya nini? Umemrudisha mwizi ndani na mlango umemfungia.

Skrubu zote za ndani nunua mpya za stenlesi (chuma kisichoshika kutu), unene ule ule na urefu ule ule, peleka ya zamani dukani kama sampuli. Ya urefu zaidi itatokea upande wa pili, ya unene zaidi itapasua tena.

Aina ya plastiki sasa. Magari ya sikuhizi ukigeuza kipande nyuma unakuta kimeandikwa herufi za aina ya plastiki, ABS au PP na kadhalika, ila gari la mwaka 79 mara nyingi hutakuta kitu, alama hizo zimekuja kuzoeleka miaka ya tisini. Kwahiyo pima mwenyewe. Kata kipande kidogo kama punje ya mchele kutoka sehemu iliyojificha, nyuma au kwenye ukingo unaoingia ndani. Kitie kwenye glasi ya maji ya bomba yenye tone la sabuni, kizamishe na kidole ili mapovu yatoke. Kikielea ni familia ya PP au PE, ile ile ya mabeseni na madumu. Kikizama inaweza kuwa ABS, inaweza kuwa PVC, au nyingine. Usitumie maji ya bahari kwa uvivu wa kwenda bombani, maji ya chumvi ni mazito na ABS imeyazidi kidogo sana, utadanganyika.

Kilichozama kipanguse, weka tone la asetoni nyuma yake, hesabu mpaka thelathini, bonyeza na kidole chenye glovu. Ikinata na kuacha alama ya kidole, basi ni ABS au ndugu yake, na hiyo ndo kazi rahisi kuliko zote. Isiponata kabisa, na ukiichoma na ncha ya moto haiyeyuki bali inaungua tu na kunuka, hiyo ni ile plastiki ngumu ya zamani ya aina ya bakelaiti, haichomeleki hiyo, ni epoksi tu, ile gundi ya mirija miwili unayochanganya. Kuna wanaopima kwa kuwasha kipande na kiberiti wanuse moshi. Mi sikushauri, ikiwa PVC moshi wake una asidi na mapafu hayauzwi Mgandini.

Asetoni duka la vipodozi wanayo kama dawa ya kutolea rangi ya kucha, ila nyingi zina mafuta na manukato, soma chupa uchukue isiyo na kingine. Nzuri zaidi ni kwa wanaouza vifaa vya faiba. Inashika moto upesi sana, hata kwa mvuke wake tu, kwahiyo usiifungulie karibu na jiko la mkaa, sigara, wala dawa ya mbu inayofuka.

Kava la usukani tuseme umelipima na ni ABS. Tafuta ABS nyingine ya kuyeyusha, kava la kibodi mbovu ya kompyuta linafaa, geuza nyuma utaona imeandikwa. Usichukue bomba la maji, hiyo ni PVC. Katakata vipande vidogo, jaza nusu ya kichupa cha kioo chenye kifuniko cha bati, mimina asetoni mpaka ifunike, funga, acha mpaka kesho. Koroga na kijiti, unataka uzito wa uji wa mgonjwa, ukiwa mwepesi ongeza vipande, ukiwa mzito ongeza asetoni. Huo uji ukikauka unarudi kuwa plastiki kabisa, asetoni imeruka na kilichobaki kimeungana na kava lako likawa kitu kimoja, sio gundi iliyokaa katikati ya vitu viwili. Ndo maana haiachii na joto, ikiachia yenyewe ujue na kava lote limeyeyuka.

Utaratibu wake: osha kava kwa sabuni ya vyombo, kausha. Mwisho wa kila ufa toboa kitundu cha milimita 2, bila hicho ufa utaendelea kutembea hata ukiziba vizuri vipi. Upande wa nyuma chonga mfereji wa umbo la V ukifuata ufa, kina kama nusu ya unene. Kwa mbele kaza na selotepu pana ili sura ilingane. Alafu paka uji kwa nyuma, tabaka jembamba, subiri likauke, lingine, lingine. Usimwage mwingi kwa mpigo kwenye plastiki nyembamba, asetoni itailainisha yote na kava litapinda, na uji ukikauka unasinyaa kwahiyo tabaka nene linaacha shimo katikati. Kwa mbele usiguse kabisa na asetoni, ile sura ya ngozi ya kiwandani ikiguswa inafutika na hairudi. Acha siku mbili kabla hujalipa uzito wowote, hata kama juu panaonekana pamekauka.

Ufa mrefu unahitaji mfupa ndani. Watu wanazamisha pini za stepla kwa moto, bara huko sawa, hapa pwani zitakula kutu na tutarudi kule kule kwenye skrubu. Mi natumia wavu wa chujio la chai la stenlesi, la bei rahisi kabisa, unakata ukanda wa upana wa kidole unaulaza nyuma ya ufa ukiwa umelowana uji, unapaka tena juu yake mpaka wavu usionekane.

Vile vibomba vya skrubu ndo roho ya kazi nzima kwahiyo nenda navyo taratibu. Kilichopasuka lakini kipo: kibane na uzi, paka uji kwenye ufa, kikishakauka kizungushie waya mwembamba wa shaba raundi kadhaa ukiwa umekaza, alafu paka epoksi ya mirija miwili juu ya waya. Waya ndo unaozuia kisitanuke tena. Kilichokatika kabisa kikapotea: tafuta kibomba kingine cha plastiki cha kipenyo kinachokaribiana, kikate urefu sawasawa na vile vizima (pima kwa kipimo, usikadirie, kikizidi hata milimita moja kava litavutwa na kupasuka), kibandike kwa epoksi na uzungushie ukingo wa epoksi pale chini. Kukitengenezea meno, paka skrubu mpya mafuta ya mgando, jaza epoksi ndani ya kibomba, ingiza skrubu wima. Epoksi ikianza kukaza lakini bado haijawa jiwe, zungusha skrubu robo kuitikisa ikatae kushikana, iache hapo hapo mpaka kesho, kisha itoe. Utakuta meno mazuri kuliko ya kiwandani.

Na siku ya kurudisha, kila skrubu kwenye plastiki izungushe kwanza kinyume, kama unafungua, mpaka usikie inadondoka kidogo, tik. Hapo imeingia kwenye njia yake ya zamani, sasa ndo kaza. Usipofanya hivo kila ukifungua na kufunga unachonga njia mpya na baada ya mara chache kibomba kinabaki tundu tupu. Kaza kwa vidole vitatu, ikigusa simama.

Mlango wa kidroo nao upime kivyake, usiseme kwa vile viko gari moja ni plastiki moja. Ukielea tuseme ni PP, na hapo uji wa asetoni, supa gluu, epoksi, vyote weka pembeni, PP haishikwi na hivyo. PP inachomelewa. Unawajua wale mafundi wa kuziba ndoo na mabeseni kwa chuma cha moto? Watu tunawadharau lakini kanuni yao ndo hiyo hiyo ya mafundi wa bampa. Unahitaji pasi ya kulehemu ya fundi redio, ndogo ya wati 30 au 40, na plastiki ya kujazia iwe PP pia, sio dumu la mafuta, dumu ni PE na haziungani vizuri. PP ya bure iko kwenye viti vya plastiki vilivyovunjika, vile vya kwenye masherehe, kata mkanda wa milimita 3 au 4 ndo fimbo yako ya kuchomelea. Chonga mfereji V, kwanza zunguka na ncha ya pasi ukiunganisha kingo mbili ziyeyukiane, alafu lisha fimbo taratibu ukiikandamizia ndani. Lazma kingo na fimbo viyeyuke pamoja, ukidondosha fimbo iliyoyeyuka juu ya plastiki baridi itabanduka yote. Ukiona moshi umezidisha moto, plastiki iliyofuka moshi imeshakufa nguvu, usikae mahali pamoja muda mrefu. Fanyia kazi nje au dirishani.

Ila sikio la bawaba lililokatika kabisa, nikwambie ukweli, kulichomelea peke yake halitadumu kwa sababu ndo linalobeba mlango kila ukifungua. Chomelea ili likae mahali pake, alafu nyuma weka kibati cha alumini chembamba chenye matundu mawili, kifungwe kwa rivet au skrubu fupi za stenlesi kupita kwenye plastiki nzima ya mlango. Hakionekani mlango ukifungwa. Mzigo sasa unabebwa na bati. Na angalia bawaba yenyewe, ikiwa imekauka itie mafuta kidogo, mara nyingi sikio linakatika kwa sababu bawaba imegoma.

Vibao vya hewa ni kazi ya subira tu. Ncha zilizokatika toboa kitundu cha milimita 1 kwa keekee ya mkono, chomeka kipande cha waya wa shaba uliovuliwa ganda, tone la epoksi, ndo kipini kipya kitakachozunguka kwenye tundu lake. Hapa supa gluu inakubalika pia maana hakuna mzigo, ila isogeze mbali na kioo cha mita, mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu. Na kwa vile tumeitaja, kioo cha mita usikiguse na asetoni hata kwa bahati mbaya, kitajaa nyufa ndogo ndogo papo hapo. Mikwaruzo yake inapungua kwa dawa nyeupe ya meno na kitambaa laini, basi.

Juu ya dashibodi ni habari nyingine kabisa na hapa ntakuvunja moyo kidogo. Pale hakuna plastiki ngumu, kuna ngozi ya PVC juu ya sponji. Ile PVC kiwandani waliitia mafuta ya kuilainisha, na jua limeyakausha miaka yote hiyo, ule ukungu wa mafuta uliokuwa unaufuta kioo cha mbele kwa ndani ulikuwa unatoka huko. Ngozi imesinyaa, imekakamaa, imepasuka na kingo za ufa zimejikunja juu. Mafuta hayo hayarudi, polishi yoyote utakayouziwa inang'arisha tu. Kuna watu wanajaza puti ya bodi, wanapiga msasa, wanapaka rangi, inapendeza kwelikweli mpaka jua la kwanza la maana, puti ni ngumu na ngozi inatanuka na kusinyaa, ufa unarudi pembeni ya puti na sasa una mstari mpana zaidi.

Ufa mmoja mfupi ningesema kata kingo zilizojikunja, chimba sponji kidogo, jaza kijazio kinachonyumbulika, sawazisha, paka rangi. Nyufa tatu ndefu? Mi ningeitoa dashibodi nikaivalisha. Kata kingo zote zilizoinuka, jaza mashimo kwa sponji ngumu, piga msasa mpaka mkono ukipita macho yamefumba usihisi kitu, alafu mpelekee fundi wa viti, Ngamiani wapo wazuri, aivalishe leza (ngozi bandia ya viti) nyeusi isiyong'aa. Mambo mawili mwambie mapema. Gundi iwe ya kuhimili joto, ile ya kawaida ya viatu inaachia juani na leza itaanza kuinuka kwenye lile bonde mbele ya mita. Na nyeusi isiyong'aa sio kwa urembo, inayong'aa itakurudishia taswira kwenye kioo cha mbele na barabara ya Pangani jioni hutaona kitu. Yale mazulia ya manyoya yenye vishada wanayoweka kwenye daladala sijayakataza, yanakinga jua, ila gari la mzee ningelitafutia heshima nyingine.

Rangi kwa haraka. Kabla ya kupaka, na kabla ya gundi pia, osha kila kipande kwa sabuni na brashi mara mbili, maana mzee au waosha magari lazma walipaka polishi ya silikoni, na silikoni inafukuza rangi, utaona vishimo vishimo vimejitokeza. Msasa namba 400, praima ya plastiki (kwenye PP usiiruke, bila hiyo rangi itatoka kwa ukucha), kisha spreyi isiyong'aa. Pale ulipopoteza sura ya ngozi ya kiwandani, tabaka la mwisho puliza ukiwa umesimama mbali kidogo, rangi ifike ikiwa imeanza kukauka, inaacha chembechembe zinazofanana na sura ile ukitazama kwa kawaida.

Kuhusu kununua. Vipya kabisa vya kiwandani kwa gari la 1979 usihangaike navyo, ila vya mtumba vipo karibu kuliko unavyodhani. Ufaransa waliacha kutengeneza 504 saluni mwaka 1983, lakini Kenya waliendelea kuziunganisha miaka mingi baada ya hapo, na stesheni wagoni zilibeba sana abiria kule. Kwahiyo Mombasa kwenye skrepa, unavuka Horohoro tu, kuna vya gari lenye umri mdogo kuliko lako, na usukani uko kulia kama wetu. Kipande cha dashibodi ya juu usinunue, kimekaa jua lile lile. Kidroo, kava la usukani, vibao vya hewa, kioo cha mita, hivyo ndo vya kutafuta. Chukua picha za kipande chako mbele na nyuma na umbali kati ya matundu ya skrubu kwa milimita, maana makava yalibadilika mwaka hadi mwaka na kwa macho yanafanana. Ukikishika mkononi kikunje kidogo sana pale sokoni mbele ya muuzaji. Kikilia, kirudishe.